"Kila Kitu Kiko Sawa?": Uongo Mtamu wa Mezani

Siku hiyo tulikuwa tunasherehekea miaka mitatu ya ndoa. Mimi nilivaa gauni la kitenge nililoshonewa Tanga, mume wangu akavaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, jambo ambalo kwetu hutokea mara mbili kwa mwaka. Tukaenda kwenye mgahawa mmoja wa Kinsale, mji mdogo wa bandari kusini mwa Ireland ambako tunaishi. Mishumaa ipo, vitambaa vyeupe vipo, dirisha linatazama mashua. Nikaagiza samaki. Alipoletwa alikuwa wa kupendeza kwa macho, lakini nilipofika katikati nikakuta ubaridi wa friji.

Mhudumu akapita. "Kila kitu kiko sawa?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu, ambaye dakika moja kabla alikuwa ananinong'oneza kwamba nyama yake ni ngumu kama soli ya kiatu, akatoa tabasamu la kwenye matangazo ya dawa ya meno. "Safi kabisa, asante sana!"

Mimi mtoto wa Tanga nikasema, "Samahani dada, huyu samaki hajaiva katikati. Naomba anirudie jikoni."

Basi bwana! Ungedhani nimemtukania mtu mama yake. Mume wangu aliiva kuanzia shingoni hadi masikioni, akawa anasoma menyu ambayo alishaimaliza. Mhudumu akaomba radhi, samaki akaenda, samaki akarudi ameiva, nikala nikashiba. Mwenzangu alikula ile soli yake mpaka kipande cha mwisho, akalipa bili, akaacha na bakshishi.

Kwenye gari kimya. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo akasema, "Ungeweza tu kumwacha."

"Nimwache samaki wa euro thelathini?"

"Sasa pale tutarudije?"

"Kwani wewe ulitaka kurudi?"

Akafikiri kidogo. "Hapana."

Msomaji wangu, usiku ule nililala nikijiuliza swali moja. Huyu mtu aliyesema "safi kabisa" na nyama haikuwa safi, nyumbani anaponiambia mambo ni safi, huwa yanakuwaje?

MJI UNAOISHI KWA SAHANI

Nikueleze kwanza mji wenyewe. Kinsale uko kilomita 25 hivi kutoka jiji la Cork. Unapanda basi namba 226, linapitia uwanja wa ndege, unashuka bandarini. Watu wake ni kama 6,000 tu, lakini migahawa ukianza kuihesabu vidole vinaisha mapema. Nyumba zimepakwa rangi kama pipi, njano, zambarau, bluu ya bahari, na kila nyumba chache kuna ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki samaki wa leo.

Haikuwa hivyo zamani. Mama mkwe wangu ananiambia kwamba alipokuwa msichana, kula nje kulikuwa ni komunio ya kwanza, harusi, au supu na sandwichi hotelini baada ya kuzika mtu. Basi. Chakula kilikuwa cha nyumbani, na nyumbani ni viazi. Mambo yalianza kugeuka taratibu. Mwaka 1964 mama mmoja aitwaye Myrtle Allen alifungua mgahawa ndani ya nyumba yake Ballymaloe, mashariki ya mkoa huuhuu wa Cork, akapika vitu vya shambani kwake na samaki wa pwani ya jirani. Watu walishangaa, kisha wakaja. Miaka ya 1970 wenye migahawa wa Kinsale wakafanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawaliwezi: badala ya kuumana wakaungana, wakaunda umoja wao na tamasha la chakula ambalo hufanyika mwezi Oktoba. Tangu hapo mji ukajiita makao makuu ya walaji wa Ireland. Mwaka 2014 serikali ilipozindua ile njia ya watalii ya pwani ya magharibi, yenye urefu wa kilomita 2,500, mwisho wake wa kusini ukawekwa hapahapa. Wageni wakazidi kumiminika.

Sasa, wageni wana maoni yao, na wenyeji wana yao. Maoni ya wenyeji ndiyo niliyoanza kuyakusanya baada ya usiku ule wa samaki, maana nilitaka kumwelewa mwanaume niliyeolewa naye.

MAONI YA NJE YA MLANGO

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba maoni wanayo, tena makali kama pilipili kichaa. Ila hayatoki ndani ya mgahawa. Yanatoka mkishavuka mlango.

Nilikuwa nikitoka na mama mkwe wangu Jumapili mchana. Yeye ana kipimo kimoja: sahani iwe ya moto na viazi viwe vya aina mbili, vya kuponda na vya kuoka. Vikiongezwa na chipsi, mgahawa huo ataukumbuka kwenye sala zake. Ukimletea sahani kubwa yenye kipande kidogo katikati na matone matatu ya mchuzi pembeni, atamwambia mhudumu, "Kizuri mno, mwanangu." Akifika nje tu anashika mkono wangu. "Umeona? Wametuletea picha."

Dereva wa teksi wa mtaani kwetu hesabu zake ni za majira. Anasema kuanzia Juni hadi Agosti mwenyeji mwenye akili hali katikati ya mji, kwa sababu meza ni ya kugombania na bei inamwangalia Mmarekani. Yeye hutoka Novemba, wakati mpishi ana muda na mhudumu anakumbuka jina lako. Januari ndiyo usimwambie kitu, nusu ya milango imefungwa, wenyewe wamekwenda kupumzika.

Kuna wanandoa wa rika letu, wana mtoto mmoja. Wao kipimo chao ni kalkuleta. Sahani mbili kuu, kianzio kimoja cha kugawana, glasi mbili za mvinyo, halafu umlipe binti wa kukaa na mtoto kwa saa nne. "Kabla hujasema habari za jioni, euro mia na hamsini zimeondoka," mwanaume aliniambia. Ndiyo maana wanapenda menyu ya mapema, ile ya saa kumi na moja jioni hadi saa moja kasoro, sahani mbili au tatu kwa bei moja. Mkila hapo mnarudi nyumbani jua la kiangazi bado liko juu kama la saa nane mchana, lakini mfuko unashukuru.

Na jirani yangu mwanamama, yeye hula kwa masikio. Hajali chakula, anajali makelele. Anasema mgahawa ukiwa na muziki wa kukulazimisha kupiga kelele, hujaenda kula, umeenda kugombana.

Ukiwasikiliza wote hawa utadhani migahawa ya Kinsale imeshaambiwa ukweli mpaka imechoka. Kumbe hakuna aliyewahi kumwambia mwenye mgahawa neno! Wana neno lao moja, "grand". Kwa Kiingereza cha vitabuni maana yake ni kitu cha fahari. Kwao ni "sawa tu, usijali, tusiongee zaidi". Chakula kikiwa kizuri ni "grand". Kikiwa kibaya ni "grand". Ukianguka na baiskeli ukavunja mkono, ukiulizwa hali, wewe ni "grand".

Kuna siku moja tu niliyowaona wakitoa alama bila aibu. Kila majira ya kuchipua hapa hufanyika mashindano ya Ireland nzima ya chowder, ile supu nzito ya samaki yenye maziwa na viazi. Wapishi wanajipanga na masufuria yao, watu wanapita na vikombe vidogo wanaonja, halafu wanapiga kura. Nilimwona mama mkwe wangu mpole akinyima kura meza tano mfululizo bila huruma. Mbele ya kila mpishi alikuwa akisema, "Tamu sana!" Kumbe ukweli unao, Mama, ila mpaka uwe wa kura ya siri!

VITA VYA BILI

Kwenye kulipa nako kuna maigizo yake. Kwetu anayealika ndiye anayelipa, hakuna mjadala. Hapa bili ikifika watu wanaanza vita. "Weka pesa zako!" "Hapana, nakataa!" Nimemwona mama mkwe akimchomekea dada yake noti ya euro 50 kwenye mfuko wa koti, na yule dada akaja kuirudisha kwa kuificha chini ya birika la chai wiki iliyofuata. Wenyewe wanajicheka. Kipo kichekesho chao cha televisheni cha miaka ya 1990, Father Ted, chenye wanawake wawili wanaopigana kabisa kwa kugombea kulipa bili.

Bakshishi wanatoa asilimia kumi hivi, kwenye meza inayohudumiwa. Baa kaunta hawatoi. Na tangu tarehe 1 Desemba 2022 sheria inataka bakshishi inayolipwa kwa kadi iwafikie wafanyakazi, na mgahawa ubandike mahali pa wazi jinsi inavyogawanywa. Mume wangu aliiacha bakshishi usiku ule wa soli kwa sababu, alisema, "msichana yule hakupika yeye." Hapo sikuwa na la kumjibu. Ana roho nzuri. Tatizo si roho, ni mdomo.

ALICHONIAMBIA MHUDUMU

Jirani yangu mwingine ni dada aliyehudumu migahawani zaidi ya miaka kumi. Siku moja tukiwa tunasubiri watoto wa dada yake nje ya shule nikamsimulia kisa cha samaki, nikitegemea atanicheka.

Hakucheka. "Ulimsaidia sana mpishi," alisema. "Unajua nani huwa anarudi? Anayelalamika. Akirekebishiwa, anarudi na anakuja na wenzake. Anayesema 'safi kabisa' huku sahani imejaa, huyo humwoni tena. Na hakuambii kwa nini."

Akanieleza upande wa jikoni ambao mlaji haufikirii. Kodi ya VAT ya chakula cha mgahawani imepanda na kushuka kama bembea. Ilikuwa asilimia 9 kuanzia mwaka 2011, ikapanda hadi 13.5 mwaka 2019, ikashuka wakati wa korona, ikapanda tena Septemba 2023, na bajeti ya Oktoba 2025 ikaamua irudi 9 kuanzia Julai 2026. Kima cha chini cha mshahara kilifika euro 13.50 kwa saa Januari 2025, haki ya mfanyakazi, lakini nayo inatoka kwenye bei ya samaki. Na kijana anayekuja kufanya kazi Kinsale majira ya joto hapati chumba cha kupanga, kwa sababu vyumba vimechukuliwa na watalii wale anaokuja kuwahudumia. "Mgahawa mwingine unakufa meza zikiwa na watu wanaosema 'grand'," akasema. "Mwenyewe anashangaa, mbona kila mtu alikuwa ameridhika?"

Nikamuuliza, sasa ukweli mnaupataje?

"Ukiuliza 'kila kitu kiko sawa?' umeshampa jibu mdomoni. Na ukiuliza huku unatembea, umemwambia huna muda. Mimi nasimama. Nauliza kitu kimoja: samaki ni wa moto? Nyama imekatika vizuri? Hapo mtu hawezi kusema 'grand'. Lazima aangalie sahani yake."

Nilirudi nyumbani na maneno yale kama mtu aliyepewa dawa.

SWALI LANGU LA JIKONI

Wakati huo ilikuwa Februari. Kwa wiki kadhaa mume wangu alikuwa halali vizuri. Alikuwa akirudi kazini, kiwandani nje ya mji, namuuliza nikiwa nimeinamia sufuria, "Kazini salama?" Naye anajibu, "Grand." Mimi napakua. Tunakula. Tunaangalia televisheni. Kila kitu kiko sawa.

Jumatano moja nikazima jiko. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Nikauliza kitu kimoja tu.

"Mkataba wako unaisha mwezi gani?"

Akaangalia meza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Machi. Hawaurefushi."

Alikuwa ameambiwa Novemba. Wiki moja kabla ya ile sherehe yetu ya mishumaa! Yaani alikaa pale, akala nyama ngumu, akalipa bili ya euro mia na ishirini akijua kwamba baada ya miezi minne hatakuwa na mshahara, na hakutaka kuniharibia usiku. Na mimi nilikuwa nimemkasirikia kwa ajili ya samaki.

Sikujua nilie au nipige meza. Nilifanya vyote viwili. Nikamwambia, "Mimi ni mke wako, si mteja." Akaniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba kwao, tangu akiwa mtoto, kulalamika ni kumtwisha mwenzako mzigo. Baba yake alipoumwa alikuwa "grand" mpaka siku alipolazwa hospitalini. Yeye alidhani kunyamaza ndiyo mapenzi.

Nikampigia mama yangu Tanga, nikamweleza. Nilitegemea aseme huyo mume ni mwongo. Akanishangaza. "Na wewe, mwanangu, ulikuwa unamuulizaje? Umempa mgongo, uso uko kwenye sufuria?" Mama zetu jamani, wanakupiga kofi kutoka zaidi ya kilomita elfu saba.

Ukweli ni kwamba mimi najisifu kwa kusema. Kwetu mbele ya jiko la mishikaki unamwambia kaka wa watu hapohapo, "Hii bado, irudishe kwenye moto," na mnabaki marafiki. Lakini kusema ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza kwa namna ambayo mwenzako anaweza kujibu. Hiyo nilikuwa siijui, nikafundishwa na mhudumu wa Kinsale.

MEZA ILEILE

Tulikaa miezi miwili na mshahara mmoja, wangu. Kula nje kukawa ni chipsi na samaki wa kwenye karatasi, tumekaa ukutani bandarini, tunawafukuza shakwe. Usinionee huruma, zilikuwa jioni nzuri. Tuliongea kuliko tulivyowahi kuongea kwenye kitambaa cheupe. Hesabu zote tulizifanya pale, kodi ya nyumba, nauli ya kwenda kumwona mama, nini tukate, nini tubakize.

Mei akapata kazi nyingine, Cork mjini, mshahara pungufu kidogo. Nikasema tusherehekee, kwenye mgahawa uleule wa samaki wa friji. Aliguna. Nikamwambia tutakula menyu ya mapema, saa kumi na moja na nusu, kama wazee.

Mhudumu alikuwa yuleyule. Alinitambua, akacheka. Safari hii niliagiza samaki tena, na aliiva mpaka kwenye mfupa. Mume wangu aliagiza nyama. Katikati ya chakula mhudumu akaja, akasimama. "Nyama leo ikoje?"

Nilimwona mume wangu akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka majini. Shingo ikaanza kuiva. Mimi nikatazama mashua, sikutaka kumsaidia.

"Nyama ni nzuri," akasema. Akanyamaza. "Ila viazi vimepoa."

"Samahani sana, nakuletea vingine sasa hivi." Akaondoka na bakuli. Dunia haikuanguka. Vikaja viazi vipya vinafuka moshi, aina mbili, na mpishi aliongeza vijiko viwili vya ziada. Mama mkwe wangu angelia machozi.

Alikula vyote. Kwenye gari akaendesha kimya mpaka karibu na nyumbani, palepale alipoanza ule ugomvi wetu wa kwanza.

"Mwezi ujao turudi," akasema.

Tulirudi.